Nunda Ndiye Bosi wa Mwisho: Hadithi za Bibi wa Pemba na Historia ya Stori za Gemu

Kaa kwenye banda lolote la PS, iwe Wete, Darajani au Kariakoo, utasikia mabishano yale yale. Mmoja anasema God of War ina stori kali kuliko zote. Mwingine anaapia GTA San Andreas. Wa tatu, mtu wa FIFA, anasema stori ya nini, gemu ni kufunga magoli tu. Kumbe wote watatu wanabishania kitu chenye historia ndefu kuliko umeme wenyewe, na sehemu ya historia hiyo iko Gando.

Gando iko upande wa kaskazini magharibi wa kisiwa cha Pemba, wilaya ya Wete. Ni sehemu ya bahari na karafuu. Msimu wa karafuu ukifika, mchana ni wa kuchuma na usiku ni wa kuchambua. Watu wanakaa chini kuzunguka rundo, wanatenganisha karafuu na makonyo yake. Mikono ina kazi, masikio hayana. Kazi kama hiyo inadai hadithi, na hadithi inadai mtambaji. Mara nyingi huyo mtambaji ni bibi wa nyumbani, na jina lake halimo kwenye kitabu chochote.

Bibi anasema "Paukwa!" Watoto wanajibu "Pakawa!" Hapo hapo gemu imeanza. Wasipojibu, haanzi. Yaani kabla hata shujaa hajatajwa, msikilizaji ameshabonyeza kitufe cha kwanza.

Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta. Kwa hiyo vijana wengi wa Pemba walio na miaka ishirini na kitu leo wamekulia katikati: utotoni paukwa pakawa, ukubwani simu na PS. Swali ni je, hivi vitu viwili vina undugu? Jibu ni ndiyo, tena undugu wa damu.

Mgiriki, Mrusi na Mmarekani

Tuanze mbali kidogo halafu turudi nyumbani.

Karne ya nne kabla ya Kristo, Mgiriki Aristotle alichambua michezo ya jukwaani ya kwao. Akasema hadithi nzuri ina mwanzo, kati na mwisho. Inaonekana kitu rahisi, lakini alimaanisha kitu kigumu: kila tukio litokane na lililotangulia, na ukitoa sehemu moja hadithi nzima itikisike. Ukiitoa na hakuna aliyegundua, basi haikuwa sehemu ya hadithi. Akaongeza vitu viwili vinavyoshika moyo wa mtu. Kimoja ni mgeuko, pale mambo yanapogeuka kinyume ghafla. Cha pili ni utambuzi, pale mtu anapojua ukweli ambao hakuujua. Mawazo yake hayakubaki Ulaya tu. Yalitafsiriwa kwa Kiarabu, na wanazuoni kama Ibn Sina na Ibn Rushd wakayaandikia maelezo mamia ya miaka iliyopita.

Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp alichukua ngano za kwao, akazifungua kama fundi anavyofungua injini. Akakuta zina vipande 31 vinavyojirudia kwa mpangilio mmoja, na wahusika wa aina saba tu: shujaa, adui, mtoa zawadi, msaidizi na wengineo. Majina yanabadilika, kazi haibadiliki.

Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell akatoa kitabu kuhusu safari ya shujaa. Shujaa anaitwa, anatoka nyumbani, anapitia majaribu, anarudi akiwa mtu mwingine. George Lucas aliyetengeneza Star Wars mwaka 1977 alikiri kwamba Campbell alimsaidia. Gemu ya Journey ya mwaka 2012 nayo ilijengwa juu ya wazo hilo hilo. Unatembea jangwani kuelekea mlima, hakuna neno hata moja linalosemwa, na bado watu walilia.

Hawa watatu ndio wanaotajwa kila mtu akifundisha kuandika stori za gemu. Hakuna ubaya. Ila kuna darasa jingine ambalo halitajwi.

Nunda mla watu

Mwaka 1870 huko London kilitoka kitabu kinachoitwa Swahili Tales. Jina lililo kwenye jalada ni la Edward Steere, mmisionari aliyefika Zanzibar mwaka 1864. Lakini Steere hakutunga. Alikusanya hadithi kutoka kwa watu wa Zanzibar, na watu hao walizipokea kwa wengine, na hao kwa wengine tena. Ukirudi nyuma vizazi kadhaa unakuta kundi kubwa la watu wasio na majina, wengi wao bila shaka ni bibi kama yule wa Gando.

Ndani ya kitabu hicho kuna kisa cha Sultani Majnun. Sultani ana mtende, na kila tende zikiiva ndege anakula zote. Watoto sita wakubwa wanapewa zamu ya kulinda. Wote wanalala. Wa saba ni yule anayedharauliwa, anayeshinda jikoni. Yeye anachukua bisi na chenga za mchanga. Akisikia usingizi anatia chenga mdomoni, akizitafuna zinamwamsha. Anamkamata ndege. Ndege anaomba aachiwe, na badala yake anatoa unyoya: ukiwa na shida, utie motoni, nitakuja.

Soma tena hiyo aya kama mchezaji. Kuna kazi ya kufanya, kuna walioshindwa kabla yako, kuna mbinu, na kuna zawadi inayowekwa kwenye begi kwa matumizi ya baadaye. Propp angekuambia ndege ni mtoa zawadi na unyoya ni kifaa cha ajabu. Mtoto wa Gando angekuambia tu kwamba huo unyoya usiusahau, utarudi.

Kisha inakuja sehemu ya pili. Sultani ana paka. Paka anakula ndama, Sultani anasema mwacheni, paka wangu, ndama wangu. Anakula mbuzi, mwacheni. Anakula ng'ombe, mwacheni. Anaanza kula watu, na mwisho anawala watoto wa Sultani mwenyewe. Sasa haitwi paka tena, anaitwa Nunda. Yule mtoto wa saba anatoka kwenda kumtafuta, na hajawahi kumwona. Anaua mbwa, anamletea mama yake akidhani ndiye. Mama anamwambia siye. Anaua fungo. Siye. Pundamilia, twiga, kifaru, tembo, kila mara mnyama anakuwa mkubwa zaidi, na kila mara mama anamwambia mwanangu, siye. Mwisho ndipo anakutana na Nunda mwenyewe.

Hizo ni leveli. Hakuna njia nyingine ya kuziita. Kila pambano linamfundisha mtoto kupigana na kikubwa zaidi, na kila mnyama anamwongezea msikilizaji hofu: kama tembo siye, huyo Nunda atakuwaje? Watengenezaji wa gemu walikuja kuupata mpangilio huo huo wa kupandisha ugumu hatua kwa hatua hadi bosi wa mwisho. Bibi alikuwa nao miaka zaidi ya mia moja kabla yao.

Angalia pia Aristotle anavyofanya kazi hapo. Nunda hakushuka kutoka mbinguni. Alitokana na kosa la Sultani kusema "mwacheni". Toa kipande cha ndama wa kwanza na bosi wa mwisho hana maana. Kuna gemu ngapi za leo ambapo bosi anatokea tu mlangoni, mkubwa, anawaka moto, na hakuna anayejua katoka wapi?

Tatizo ambalo Aristotle hakukutana nalo

Sasa twende kwenye ugumu wenyewe. Mtazamaji wa Aristotle alikaa akatazama. Mchezaji wa gemu hakai.

Mwaka 1976 mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, Will Crowther, alitengeneza gemu ya maandishi ya kutembea ndani ya pango, na mwaka uliofuata Don Woods akaipanua. Kompyuta inakueleza ulipo, wewe unaandika neno moja au mawili kusema unafanya nini. Tangu siku hiyo mwandishi wa gemu ana mtu wa pili ndani ya chumba, na huyo mtu hafuati maelekezo.

Chukua San Andreas ya mwaka 2004. Mwanzo wake Aristotle angeupigia makofi: CJ anarudi Los Santos baada ya miaka mitano kwa sababu mama yake ameuawa. Kuna msiba, kuna kisasi, kuna maaskari wabovu. Halafu mchezaji anafanya nini? Anaenda gym. Anakula baga mpaka CJ ananenepa. Anaiba baiskeli na kuzunguka mji wiki nzima huku msiba ukisubiri. Stori inasema mtu ana uchungu, mikono ya mchezaji inasema mtu yuko likizo. Mwaka 2007 mtengenezaji gemu Clint Hocking aliuandikia ugomvi huo, akiichambua gemu ya BioShock, na mpaka leo waandishi wa gemu wanaujadili.

Miaka hiyo wasomi waligawanyika. Wengine walisema gemu ni aina mpya ya hadithi, zipimwe kama hadithi. Wengine wakasema hapana, gemu ni kanuni na ushindi, stori ni mapambo tu. Ukisikiliza vizuri ni yale yale mabishano ya banda la PS, ila haya yalikuwa chuo kikuu.

"Nipe mji"

Pwani tatizo hilo lilishapatiwa dawa, na dawa yenyewe inachezwa na watoto.

"Kitendawili!" "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Watoto wanakisia, wanakosea. Mtegaji anasema: "Nipe mji." Aliyeshindwa anatoa mji. Mtegaji anaweza kuukataa akitaka bora zaidi. Akiukubali, anaanza safari palepale: nilikwenda huo mji, nikapokewa hivi, nikala hiki, nikaona kile. Anatunga papo kwa papo kutokana na mji aliopewa. Akimaliza ndipo anatoa jibu: yai.

Tazama kilichotokea. Mchezaji ameamua hadithi inapita wapi. Ukimpa Gando, atapita baharini na kwenye mikarafuu. Ukimpa Mombasa, atapita Mji wa Kale. Lakini jibu halibadiliki, ni yai tu. Mwisho umefungwa, njia iko wazi.

Gemu nyingi zenye chaguo zinafanya hivyo hivyo. The Walking Dead ya Telltale ya mwaka 2012 inakupa maamuzi mengi ya jasho, matawi yanatawanyika, kisha yanarudi kukutana kwenye nguzo zile zile. Kuna wachezaji walilalamika kwamba wamedanganywa. Lakini mtoto wa Pwani halalamiki kwamba jibu lilikuwa yai tangu mwanzo. Alichotaka ni mji wake utajwe, na safari ipite kwake.

Bibi mtambaji naye ana mbinu hiyo. Nguzo za hadithi hazisogezi: lazima ndege atoe unyoya, lazima Nunda afe. Katikati ya nguzo ana uhuru. Rundo la karafuu likiwa kubwa, anaongeza mnyama mmoja. Watoto wakisinzia, anawapandishia wimbo waitikie. Mmoja akiuliza "na mama yake alisema nini?", anajibu, kisha anarudi njiani bila mtu kujua alitoka. Kompyuta mpaka leo inahangaika kufanya hivyo vizuri.

Paa na yule maskini

Kuna kisa kingine kwenye kitabu cha 1870 kinachogusa jambo zito zaidi. Maskini mmoja anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, ananunua paa. Wenzake wanamcheka. Paa anazungumza, anatafuta almasi, anaenda kwa Sultani na kumposea bwana wake, anampachika jina la kifalme, Sultani Darai. Anamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate nyumba ya kuishi na mke. Maskini amekuwa tajiri bila kutoa jasho.

Kisha paa anaugua. Anaomba bwana wake aje amwone. Haji. Anamtuma mtu, maneno ya dharau yanarudi. Mke analia, mume hajali. Paa anafariki na kutupwa. Asubuhi yake yule bwana anaamka yuko jaani, anachakura mtama kama zamani.

Hiyo ni gemu ova ambayo haijatengenezwa gemu. Umerudishwa mwanzo kabisa, bila sevu, na kosa ni lako.

Kwa Aristotle, shujaa anaanguka kwa sababu ya kosa lake mwenyewe, na mtazamaji anamhurumia. Kwenye gemu kosa linaweza kuhama kutoka kwa shujaa kwenda kwa aliyeshika pedi. Undertale ya mwaka 2015 inakumbuka nani umemuua na nani umemwachia, na haikusahaulishi kirahisi. BioShock nayo (kama hujaicheza ruka sentensi hii) inakufikisha mahali unatambua kwamba ulikuwa ukitii maagizo ya mtu bila kujiuliza hata mara moja, na utambuzi huo haumwangukii mhusika peke yake, unakuangukia wewe.

Sasa fikiria kisa cha paa kikiwa gemu. Paa mgonjwa yuko chini, wewe uko ghorofani, sherehe inaendelea, kazi nyingine zinakuita kwenye ramani. Hakuna anayekulazimisha kushuka ngazi. Wangapi wangeshuka? Na asiyeshuka, akiamka jaani, atamlaumu nani? Nguvu ya stori za gemu iko hapo. Filamu inakuonyesha mtu asiye na shukrani. Gemu inaweza kukupa nafasi ya kuwa yeye.

Zau alipoongea Kiswahili

Tarehe 23 Aprili 2024 ilitoka gemu inayoitwa Tales of Kenzera: Zau. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, muigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyempa sauti Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Salim alifiwa na baba yake, na gemu hii ni njia yake ya kuubeba huo msiba. Kijana anafiwa na baba, anaachiwa kitabu, anakifungua. Ndani kuna kisa cha Zau, mganga kijana anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, kumwambia nirudishie baba yangu. Kalunga anamwambia niletee roho tatu kubwa. Na gemu yote unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili.

Hesabu mwenyewe. Hadithi ndani ya hadithi, kama kima aliyemhadithia papa kisa cha punda wa dobi. Majaribu matatu yanayopanda. Zawadi zinazofungua njia. Safari ya Campbell ipo, vipande vya Propp vipo, na bibi yupo.

Ila ukweli usemwe wote. Mwaka huo huo wa 2024 studio ya Salim ilitangaza kupunguza wafanyakazi. Gemu kubwa ni pesa nyingi, na stori nzuri peke yake haijazi mfuko. Ndiyo maana swali la nani ataandika Nunda lina uzito. Kratos alikuwa wa Ugiriki, mwaka 2018 akahamia kwa miungu ya Ulaya kaskazini akibeba majivu ya mke wake kwenda kilele cha mlima, na dunia nzima ikajifunza majina ya miungu hiyo. Kuna watoto Pemba wanaoyataja majina hayo bila kukosea lakini Nunda hawamjui. Bibi akiondoka na hakuna aliyeandika, kinachobaki ni kile Steere alichokiweka London.

Kwa anayetaka kuanza leo

1. Weka nguzo kwanza. Andika matukio matano ambayo lazima yatokee. Katikati yake mwachie mchezaji atoe mji.

2. Bosi awe na chanzo. Onyesha ndama wa kwanza kabla ya kuonyesha Nunda.

3. Kila kifaa kirudi. Kama umetoa unyoya, lazima siku moja utiwe motoni.

4. Acha mchezaji akosee mwenyewe. Usimsimulie kwamba shujaa hana shukrani. Mpe ngazi za kushuka, kisha nyamaza.

5. Tumia mahali unapopajua. Nenda Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, kwenye magofu ya Mkama Ndume. Masimulizi yanasema kisima chake kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane: mmoja anashuka kwa ngazi, mwenzake anateka kwa ndoo na kamba kutoka juu. Hicho ni chumba cha fumbo ambacho kimesimama pale miaka mingi kikisubiri mtu wa kukiandika.

Na usiseme huna kompyuta ya maana. Twine ni programu ya bure ya kutengeneza stori zenye matawi, inafunguka kwenye brauza na haidai ujue kukodi. Ren'Py nayo ni bure. Kisa cha paa kinaweza kuandikwa na mtu mmoja chumbani kwake, kwa Kiswahili cha kwao, Kipemba kikiwemo.

Kabla hujaanza, mpigie simu bibi. Muulize hadithi aliyopenda akiwa mdogo, na muombe akutajie nani alimhadithia. Andika jina hilo mwanzoni mwa gemu yako, pale majina ya watengenezaji yanapopita. Litakuwa la kwanza kuandikwa kati ya wengi ambao hawakuandikwa.

Haya wadau, uwanja wenu. Hadithi gani ya nyumbani kwenu ingefaa kuwa gemu, na bosi wa mwisho ni nani? Tupieni kwenye komenti. Asiye na jibu atoe mji.